Mashine ya vakyumu inapokusumbua: soma dalili kabla ya kuilaumu pampu

Malalamiko kuhusu mashine za vakyumu za nyumbani, zile zinazonyonya hewa kwenye mfuko wa chakula na kuufunga, ni yale yale: hainyonyi, haifungi, imefunga jana na leo mfuko umelegea, imekata moto katikati ya kazi. Mwenye mashine huwa ameshaamua kwamba pampu imekufa na yuko mbioni kununua nyingine. Mara nyingi pampu ni nzima. Shida iko kwenye mfuko, kwenye unyevu ulio mdomoni mwa mfuko, au kwenye raba ya kifuniko. Wakati mwingine mashine haina kosa lolote: ni chakula chenyewe kinachotoa gesi, na hiyo ndiyo dalili ya kuichukulia kwa uzito kuliko zote.

Tafuta dalili yako hapa chini. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea zaidi imetangulia na ile ya nadra iko mwisho, kwa hiyo fuata mpangilio huo. Anayeruka moja kwa moja hadi kufungua mashine kwa bisibisi hujikuta ameharibu kitu kilichokuwa kizima.

Kwanza ijue mashine yako

Ya kubana mdomo ndiyo iliyoenea majumbani. Mfuko unabaki nje, mdomo wake tu ndio unaoingia kwenye kifereji kilicho chini ya kifuniko. Hewa inanyonywa kupitia hapo, kisha waya wa moto unasili plastiki, yaani unaiunganisha kwa joto ili ifunge.

Ya chemba inameza mfuko mzima. Hewa inaondolewa ndani ya sanduku lote, yaani ndani na nje ya mfuko kwa wakati mmoja.

Pampu ya mkono haina waya wa moto kabisa. Inanyonya kupitia valvu ndogo iliyo kwenye mfuko wa zipu au kwenye kifuniko cha chombo.

Sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu aina ya kwanza, maana ndiko malalamiko yalikojaa. Panapohusika chemba nitasema.

Majaribio mawili ya kufanya kabla ya yote

La kwanza: washa mashine inyonye bila mfuko wowote, kifuniko kikiwa kimefungwa. Sauti ya pampu ikibadilika baada ya muda mfupi, na mshale wa kipimo (kama kipo) ukishuka au kifuniko kikang'ang'ania, basi pampu, bomba na raba vinafanya kazi. Kosa litafute kwenye mfuko au jinsi unavyouweka. Pampu ikiendelea kunguruma vile vile bila kubadilika, hewa inapenya kwenye mashine yenyewe.

La pili: kata kipande cha mfuko, usili pande zote ukiwa umeacha hewa ndani, kisha kizamishe kwenye beseni la maji na ukibane kwa viganja. Mapovu yatakuonyesha mahali hasa panapovuja. Yakitoka kwenye mstari wa sili, shughulika na sili. Yakitoka katikati ya plastiki, roli hilo la mifuko ni bovu.

Majaribio haya yanachukua dakika chache tu na yanaokoa pesa nyingi.

Dalili: pampu inanguruma lakini hewa haitoki mfukoni

Anza na namna mfuko ulivyokaa. Mdomo wake lazima uingie ndani ya kifereji cha kunyonyea. Ukiishia kwenye raba, pampu inanyonya hewa ya chumba tu. Ukipitiliza hadi kuvuka raba ya upande wa pili, hewa inaingia kwa huko. Nyoosha mdomo kwa mikono miwili ili usiwe na kunyanzi, na acha nafasi ya sentimita 7 au 8 kati ya chakula na mdomo. Mfuko uliojazwa hadi juu haulali sawa hata ukiulazimisha.

Kisha angalia aina ya mfuko. Mashine ya kubana mdomo inahitaji mfuko ambao angalau upande mmoja una michirizi. Michirizi hiyo ndiyo njia ya hewa. Ukitumia mfuko laini pande zote, plastiki mbili zinagandana mara tu pampu inapoanza kuvuta, na hewa iliyo chini inabaki imefungiwa humo. Hili linawakuta sana walionunua mifuko ya chemba kwa sababu ni ya bei nafuu. Mifuko ile ni mizuri, ila kwa mashine nyingine.

Baada ya hapo njoo kwenye raba za kuzuia hewa, ya juu na ya chini. Chomoa plagi kwanza. Pitisha kidole taratibu kuzizunguka ukitafuta punje, unga, nywele, mafuta yaliyoganda au mkato. Zile zinazochomoka zichomoe, zioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, zikaushe kabisa, uzirudishe bila kuzivuta zikarefuka. Raba ya sponji iliyobonyea na kubaki bapa inaweza kurudi hali yake ukiiacha wazi usiku mzima, au ukiichomoa na kuigeuza. Isiporudi, nunua nyingine. Kinachoziua raba hizi ni kuhifadhi mashine ikiwa imefungwa kwa lachi, vile vibanio vya kifuniko. Ukimaliza kazi, shusha kifuniko bila kukibana.

Kama bado, angalia kifereji. Maji ya nyama au supu yaliyotuama humo yanaweza kuziba tundu la kunyonyea. Yafute na kukausha. Usiyapulize, maana utayasukuma kuelekea kwenye pampu.

Angalia umeme pia. Mashine iliyochomekwa kwenye ekstensheni ndefu na nyembamba, pamoja na vifaa vingine vinavyokula umeme mwingi, inapata umeme dhaifu na pampu inazunguka kivivu. Ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani ujaribu tena.

Ukifika hapa na jaribio la kwanza bado linafeli, kilichobaki ni bomba la ndani lililochomoka au kupasuka, valvu iliyokwama, au pampu yenyewe. Hiyo ni kazi ya fundi.

*Inanyonya vizuri, lakini haifiki hatua ya kusili.* Hapa mashine inasubiri kipimo fulani cha mvuto kabla ya kuwasha waya wa moto, na kipimo hicho hakifikiwi. Sababu kuu ni uvujaji mdogo kwenye raba. Nyingine ambayo watu hawaifikirii ni mwinuko. Usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni takriban milibari 1,013. Kwenye mita 2,000 linashuka hadi karibu 800. Mashine inapima tofauti kati ya ndani na nje, na tofauti hiyo haiwezi kuzidi shinikizo lililopo nje. Iliyopangwa isili kwenye tofauti ya milibari 800 itanguruma huko juu mpaka ichoke. Si mbovu. Subiri hewa itoke ya kutosha, kisha bonyeza kitufe cha kusili kwa mkono. Kama haina kitufe hicho, hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kuibadilisha.

Dalili: mfuko ulifungwa vizuri, baadaye umelegea au umevimba

Tulia hapa. Watu huchanganya mambo mawili yaliyo tofauti kabisa: mfuko uliolegea na mfuko uliovimba.

Tundu haliwezi kuvimbisha mfuko. Panapovuja, hewa ya nje inaingia hadi shinikizo la ndani lilingane na la nje, halafu inakoma. Plastiki inaachana na chakula, inakuwa tepetepe, basi. Mfuko uliotuna kama mto una gesi iliyotengenezwa humo humo ndani, na gesi hiyo imetoka kwenye chakula au kwenye vijidudu vilivyo ndani yake. (Ipo hali moja ya pekee: mfuko uliosiliwa bondeni ukiwa na hewa kidogo, kisha ukapandishwa mlimani, utatuna kwa kuwa shinikizo la nje limepungua. Ukishuka nao unanywea.)

*Umelegea tu.* Sababu, kwa mpangilio:

Kunyanzi kwenye sili. Angalia mstari kwenye mwanga. Sili nzuri ni pana, imenyooka na inaonyesha uwazi sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kunyanzi moja inatosha kuacha njia ndogo mno ya hewa, ndiyo maana mfuko unaonekana mzima jioni na asubuhi umelegea. Kata, nyoosha, sili upya.

Unyevu au mafuta kwenye sili. Nitaeleza kwenye dalili inayofuata.

Kitu chenye ncha. Mfupa, mwiba wa samaki, tambi kavu, hata punje ngumu za nafaka zinaweza kutoboa plastiki pale mvuto unapoibana. Funika ncha kwa karatasi ya jikoni iliyokunjwa, au weka mfuko ndani ya mwingine.

Sili ya chini. Ukikata mifuko mwenyewe kutoka kwenye roli, upande wa chini umeusili wewe, na mara nyingi ulisiliwa haraka haraka. Sili mara mbili, mistari ikiachana kidogo.

Kugongwa ndani ya friza. Plastiki ikiwa baridi inakuwa ngumu na kukakamaa. Mifuko inayotupwa na kuburuzwa juu ya nyenzake hupata matundu. Iwekee kikapu au sanduku.

Chakula kilicholegea tu huku kikiwa kimeganda muda wote hakijawa sumu. Kisili upya au kitumie mapema. Kilichokuwa kwenye friji, hesabu muda wake kana kwamba hakijawahi kufungwa: siku zile zile chache ambazo chakula hicho hukaa kwenye chombo cha kawaida.

*Umevimba.* Sasa sababu si za mashine.

Mboga mbichi zinaendelea kupumua baada ya kuvunwa. Kabichi, brokoli, koliflawa na jamaa zao hutoa gesi ya kutosha kutunisha mfuko. Zichovye kwenye maji yanayochemka kwa dakika chache, zitumbukize kwenye maji ya barafu, zikaushe, halafu zifunge na kuzigandisha. Kahawa iliyokaangwa karibuni nayo hutoa kaboni dioksaidi kwa siku kadhaa. Iache ipumue kwanza.

Sababu nyingine ni bakteria au hamira za asili. Nyama, samaki, chakula kilichopikwa, kitu chochote chenye majimaji kilichovimba kwenye friji, kihesabu kimeharibika. Kitupe bila kukionja.

Naliandika hili kwa msisitizo kwa sababu matangazo ya mashine hizi huwafanya watu waamini kwamba chakula kisicho na hewa hakiozi. Vakyumu haiui kijidudu chochote. Inachofanya ni kuwanyima oksijeni wale wanaoihitaji, ukungu na bakteria wengi wanaoleta harufu mbaya. Lakini Clostridium botulinum, bakteria anayetengeneza sumu ya botulizimu, hustawi pale pale pasipo na oksijeni. Zipo aina zake zinazoweza kukua kuanzia nyuzi joto 3 za Selsiasi, na chakula kisicho na uchachu wa kutosha, yaani chenye pH (kipimo cha uchachu) inayozidi 4.6, kinamfaa. Nyama, samaki, viazi vilivyopikwa na karibu mboga zote zimo kwenye kundi hilo. Sumu yake haionekani, na chakula kinaweza kuwa nayo bila harufu wala ladha ya kukushtua. Listeria, bakteria mwingine anayeleta ugonjwa, naye hukua ndani ya friji bila kujali kama kuna hewa au hakuna.

Kwa hiyo:

- Chakula kinachooza kinakaa kwenye friji yenye nyuzi 4 au chini yake, kwa zile siku chache za kawaida tu, au kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Nunua kipimajoto kidogo ukiweke ndani, usitegemee namba iliyo kwenye kitufe.
- Usiache mfuko wa vakyumu wenye chakula chenye majimaji juu ya meza, hata kama umebana vizuri namna gani.
- Kitunguu saumu kibichi na uyoga mbichi usivifunge kwa vakyumu kisha ukaviacha kwenye joto la chumba. Kitunguu saumu kilicholowekwa kwenye mafuta ni hatari zaidi.
- Samaki aliyegandishwa, toboa au fungua mfuko wake kabla ya kumyeyushia kwenye friji, ili hewa imfikie.
- Vyakula vikavu kabisa, kama mchele, maharage makavu na unga, ndivyo pekee vya kukaa kabatini. Vikiwa na unyevu uliobaki, tatizo ni lile lile.

Simama, nenda hospitali mara moja kama aliyekula chakula cha namna hii macho yake hayaoni vizuri au anaona kitu kimoja kama viwili, kope zinalegea, anashindwa kumeza au kutamka, au misuli inakosa nguvu. Dalili hizo mara nyingi huanza kati ya saa 12 na 36 baada ya kula, ila zinaweza kuchelewa siku kadhaa. Usisubiri zipite. Waambie wahudumu mapema kwamba alikula chakula kilichofungwa bila hewa.

Dalili: sili haishiki, au inaachana ukiivuta

Unyevu ndio mshitakiwa wa kwanza, na anakutwa na hatia mara nyingi. Tone la maji kati ya plastiki mbili linageuka mvuke, linanyang'anya joto na kuzizuia zisiungane. Mafuta na unga hufanya hivyo hivyo. Kunja mdomo wa mfuko kwa nje kama mkono wa shati kabla ya kutia chakula, kisha ukunjue ukishamaliza. Mdomo utabaki mkavu na safi. Uliokwisha kuchafuka ufute kwa karatasi kavu, ndani na nje.

Unga na viungo vilivyosagwa hurushwa na upepo wa pampu hadi kwenye sili na mpaka kwenye raba. Tia unga kwenye mfuko wa karatasi kwanza, au weka karatasi ya jikoni juu yake kabla ya mdomo.

Ukishaondoa unyevu, ongeza muda wa kusili kama mashine inaruhusu, au tumia mpangilio wa chakula chenye majimaji, ambao kwa kawaida hukipa kisilio muda mrefu zaidi. Mifuko minene inahitaji hilo. Kusili mara mbili hakugharimu kitu.

Bado? Chomoa plagi, acha mashine ipoe, kisha kagua vitu viwili. Juu ya waya wa moto kuna utepe wa tefloni, kahawia au kijivu. Ukiwa umeungua, umetoboka au una plastiki iliyogandia, sili itakuwa na mapengo mahali pale pale kila mara. Plastiki iondoe kwa kitambaa au kipande cha mbao. Usikwangue kwa kisu, maana utachana utepe na kujeruhi waya. Utepe huu unauzwa na kubandikwa upya bila ufundi mkubwa, mradi uwe wa tefloni unaostahimili joto. Selotepu ya kawaida itayeyuka, inaweza hata kushika moto. Kitu cha pili ni ukanda wa silikoni kwenye kifuniko, unaokandamiza mfuko juu ya waya. Ukiwa na shimo au umechimbika mstari, plastiki haibanwi sawasawa.

Sili ikikosekana kabisa, hata kwenye mfuko mkavu na mtupu, na waya haupati joto lolote, waya umekatika au bodi haipeleki umeme. Usiuguse kupima kama una moto. Hapo ndipo pa fundi.

Dalili: mfuko unayeyuka au kukatika kwenye sili

Joto limezidi. Mara nyingi ni kwa sababu umefunga mifuko mingi mfululizo na waya haujapoa. Pumzisha mashine nusu dakika hivi kati ya mfuko na mfuko, au kama kijitabu chake kinavyoelekeza, na ukiona bado, ipe dakika 20 kifuniko kikiwa wazi. Kama inaharibu mfuko wa kwanza kabisa wa siku, punguza muda wa kusili, kisha hakikisha mifuko ni ya vakyumu. Mifuko ya kawaida ya jikoni ni myembamba mno, na mingi huruhusu oksijeni kupenya polepole hata ikisilika. Ile ya vakyumu ina tabaka la nailoni au plastiki nyingine inayozuia hewa, na tabaka la polithini linaloungana kwa joto.

Dalili: majimaji ya chakula yanavutwa hadi mdomoni

Chakula chenye majimaji kigandishe kwanza. Nyama iweke kwenye friza saa moja au mbili mpaka iwe ngumu kwa nje. Supu igandishe kabisa kwenye bakuli, uitoe kama tofali, ndipo uifunge. Kama huna muda, kunja karatasi ya jikoni iwe ukanda, uilaze ndani ya mfuko kati ya chakula na mstari wa sili ili inywe maji. Mfuko uning'inie ukingoni mwa meza, chini ya usawa wa mashine. Uwe tayari kubonyeza kitufe cha kusili mara maji yanapokaribia.

Wapo wanaofunga chakula kikiwa bado cha moto wakidhani wanazuia vijidudu. Shinikizo likishuka, maji huchemka kwenye joto dogo: kwenye milibari 200 yanachemka kwa nyuzi 60 tu. Mashine ya kubana mdomo inaweza kufika hapo, kwa hiyo chakula cha moto kinatoa mvuke unaojaza mfuko, unalowesha sili na kuingia kwenye pampu. Kipoze hadi kiwe baridi, ukigawanye kwenye vyombo bapa ili kipoe upesi.

Kwenye chemba majimaji hayakimbii, maana shinikizo la ndani na la nje ya mfuko linashuka kwa pamoja. Lakini yanaweza kuchemka humo. Kwenye milibari 23, hata maji ya nyuzi 20 yanachemka. Ukiona mapovu makubwa, kata mzunguko usili hapo hapo, na safari nyingine tia kitu kikiwa kimetoka kwenye friji.

Maji yakishaingia ndani ya mashine, yaani yamepita kifereji, chomoa plagi, usiiwashe kujaribu kama bado ipo hai. Mwaga kitrei cha kukinga majimaji, futa, mpelekee fundi. Maji ya nyama kwenye pampu yanaozea humo, na maji kwenye bodi ya umeme ni hatari kwako.

Dalili: haiwaki, au inajizima katikati

Jaribu soketi kwa kifaa kingine. Angalia kama plagi ina fyuzi iliyoungua. Kandamiza kifuniko pande zote mbili mpaka zilie, kwa sababu kuna swichi ndogo kila upande na moja isipobonyea mashine haianzi. Kama ilikuwa ikifanya kazi kwa muda mrefu, kinga ya joto imeikata. Iache nusu saa.

Fyuzi mpya ikiungua tena, usiweke kubwa zaidi. Kuna kitu kimegusana ndani.

Soma pia kibandiko cha nyuma. Mashine ya volti 110 hadi 120 ikichomekwa kwenye umeme wa 220 hadi 240 inaungua, mara nyingine kwa mara ya kwanza tu.

Dalili: kelele mpya

Mlio mkali kama wa mluzi ni hewa inayopenya kwenye raba. Mtikisiko unaweza kuwa miguu ya mashine au meza isiyo sawa. Mkwaruzo wa chuma, au pampu inayoanza na kukwama, ni ya fundi. Kwenye chemba yenye pampu ya oili, angalia kioo cha oili: ikiwa nyeupe kama maziwa, imeingia maji na inatakiwa kubadilishwa.

Usiendelee mwenyewe ukiona haya

Harufu ya waya au plastiki ya ndani kuungua, moshi, cheche, kutetemeshwa na umeme unapogusa mwili wa mashine, waya wa umeme uliochubuka au plagi inayopata moto, fyuzi inayoungua kila mara. Chomoa, au zima kwenye swichi kuu kama plagi yenyewe haigusiki. Mashine iliyo ndani ya waranti usiifungue hata skrubu moja. Ukimpelekea fundi, mweleze ulichokwisha kupima na matokeo ya yale majaribio mawili. Atafika kwenye kosa haraka, na hatakutoza kwa kukisia.

Kama unanunua, nunua kwa kufuata dalili

Anayeteseka na majimaji kila wiki, anafunga supu, mchuzi na nyama iliyolowekwa viungo, aina ya kubana mdomo itamchosha hata akinunua ya gharama. Chemba ndiyo jibu, pamoja na uzito wake na nafasi inayokula mezani. Anayegawa nyama mara moja moja na kuhifadhi vyakula vikavu haihitaji. Anayefungua na kufunga vitu vile vile kila siku, kama jibini au karanga, atafaidika zaidi na pampu ya mkono na vyombo vyenye valvu, kwa kuwa hakati mfuko kila mara.

Kwa mashine ya kubana mdomo, tafuta kitufe cha kusili kwa mkono, kitrei cha majimaji kinachochomoka, mpangilio wa chakula chenye majimaji na sili pana au ya mistari miwili. Namba kubwa ya mvuto kwenye boksi isikutie wazimu. Tofauti kati ya mashine mbili kwenye namba hiyo ni ndogo kuliko hasara ya raba iliyochoka. Uliza kama inakubali roli la mfuko lolote la upana wake au inadai la kampuni yake tu. Halafu uliza raba za akiba na utepe wa tefloni wa modeli hiyo hiyo. Muuzaji asipokuwa navyo na asijue vinapatikana wapi, chagua modeli nyingine.